Maji ya Makutupora: Namna nadharia ya sayansi inavyopimwa kwa mita na milimita

MKAZI wa Miyuji, kaskazini mwa Jiji la Dodoma, anapofungua bomba asubuhi na kujaza ndoo zake, si rahisi afikirie nadharia yoyote ya sayansi. Lakini maji yaliyoiendesha Dodoma kwa miongo mingi yametoka kwa sehemu kubwa chini ya ardhi, katika visima virefu vya bonde la Makutupora, kilomita zipatazo 25 kaskazini mwa katikati ya mji. Kila siku pampu huyavuta maji hayo. Je, ni nini kinachoyarudisha?

Swali hilo ni la kisayansi, lakini pia ni la maisha. Mamlaka inayosimamia maji haiwezi kuamua kiasi cha kuvuta kila mwaka bila kujua kiasi kinachoingia. Kiasi kinachoingia nacho hakionekani kwa macho, kwa kuwa hupita katika udongo na nyufa za miamba hadi kwenye kina kirefu. Kinachojulikana kuhusu safari hiyo kinatokana na nadharia, na nadharia hiyo inasimama au kuanguka kwa vipimo vichache vinavyochukuliwa juu ya ardhi na ndani ya visima.

Kwa sababu hiyo, Makutupora ni mfano mzuri wa jambo linalowatatiza wanafunzi wengi wa vyuo vikuu, na hata wasomaji wa kawaida wa habari za utafiti: uhusiano uliopo kati ya nadharia na vitu vinavyopimika.

Nadharia haishikiki, kigeu hupimika

Nadharia ni maelezo ya jumla kuhusu sababu za mambo kutokea jinsi yanavyotokea. Huzungumzia vitu ambavyo mara nyingi havishikiki. Mtaalamu anaposema kwamba "mvua hujaza upya maji ya ardhini", anataja mchakato ambao hakuna aliyewahi kuushuhudia ukitendeka kwa ukamilifu wake.

Kinachowezekana ni kuteremsha kamba ya kupimia ndani ya kisima na kusoma umbali kutoka usawa wa ardhi hadi kwenye maji, kwa mita. Inawezekana pia kukusanya mvua katika chombo maalumu na kuisoma kwa milimita, na kusoma dira ya pampu ili kujua ni mita ngapi za ujazo zimevutwa. Vitu vya namna hii, vinavyobadilika kutoka wakati mmoja hadi mwingine au mahali pamoja hadi pengine na ambavyo vinaweza kupewa namba, ndivyo watafiti wanavyoviita vigeu. Kile kinachodhaniwa kuwa chanzo cha mabadiliko huitwa kigeu huru, na kile kinachodhaniwa kufuata huitwa kigeu tegemezi. Kwa Makutupora, mvua ni kigeu huru na kina cha maji kisimani ni kigeu tegemezi.

Kati ya nadharia na kigeu lazima pawepo daraja, yaani maelezo yanayosema: "dhana hii tutaitambua kwa kipimo hiki, kinachochukuliwa kwa njia hii." Mwanafizikia wa Marekani, Percy Bridgman, alilisisitiza jambo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1927, akidai kwamba maana ya dhana ya kisayansi haitenganishwi na kazi inayofanywa ili kuipima. Wengi waliomfuata waliona kwamba alikwenda mbali mno, kwa kuwa dhana moja inaweza kupimwa kwa njia nyingi. Hata hivyo, onyo lake limebaki: dhana isiyo na kipimo haiwezi kujaribiwa.

Daraja hilo lina athari hata nje ya maabara. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka lengo kwamba wananchi wa vijijini wapate maji katika kituo kisichozidi umbali wa mita 400 kutoka kwenye makazi, na kila kituo kihudumie watu 250. Hapo dhana pana ya "kupata maji" iligeuzwa kuwa umbali na idadi ya watu. Ni vigeu vinavyopimika vizuri. Lakini kituo kilicho umbali wa mita 300 chenye pampu mbovu kinatimiza kipimo cha umbali bila kutoa tone. Kipimo kinaweza kuwa sahihi, na bado kikakosa kubeba uzito wote wa dhana kilichopewa kuiwakilisha. Watafiti huita sifa hiyo uhalali wa kipimo, na huitenganisha na uthabiti wake, yaani uwezo wa kutoa jibu lile lile kinaporudiwa.

Mita za kisima si ujazo wa maji

Tatizo hilo hilo lipo Makutupora. Maji yakipanda kisimani, mtu anaweza kudhani kuwa amekwisha kupima maji yaliyoingia. Sivyo. Amepima kimo tu. Ili kimo kigeuzwe kuwa kiasi cha maji, lazima ijulikane sehemu ya mwamba ambayo ni nafasi zinazoweza kupokea maji na kuyaachia.

Chukua mfano wa hesabu. Kina cha maji kimepanda kwa mita 2. Ikiwa asilimia 5 ya ujazo wa mwamba ndiyo inayopokea maji, ongezeko hilo ni sawa na milimita 100 za maji zilizotandazwa juu ya eneo lote. Ikiwa ni asilimia 1 tu, ongezeko ni milimita 20. Kamba ni ile ile, kisima ni kile kile na namba iliyosomwa ni moja, lakini majibu yanatofautiana mara tano. Tofauti hiyo haikuletwa na kosa la msomaji wa kamba. Imeletwa na dhana iliyowekwa kati ya kipimo na hitimisho.

Ugumu wa pili ni kwamba kina cha maji huathiriwa na zaidi ya sababu moja. Ukame huyashusha maji, na pampu huyashusha pia. Mtafiti anayeona kina kikishuka miaka mitatu mfululizo hawezi kusema kwamba mvua ndiyo iliyopungua, kama hana kumbukumbu za kiasi kilichovutwa katika miaka hiyo. Kigeu cha tatu kilichosahauliwa kinaweza kuharibu utafiti mzima, hata kama vile viwili vya kwanza vilipimwa kwa uangalifu mkubwa.

Nadharia mbili, utabiri mbili

Kazi ya nadharia katika utafiti ni kutoa utabiri unaoweza kukataliwa na vipimo. Mwanafalsafa Karl Popper, aliyezaliwa Vienna, alieleza mwaka 1934 kwamba nadharia ya kisayansi hutambulikana kwa kukubali hatari: lazima iseme jambo ambalo, likionekana kinyume, nadharia itakuwa mashakani. Utabiri wa namna hiyo, ukishaandikwa kwa lugha ya vigeu, huitwa nadharia tete.

Kuhusu maji ya ardhini katika nchi kavu, fikra mbili zinaweza kuwekwa mbele ya vipimo. Ya kwanza inafanana na methali ya haba na haba hujaza kibaba: kila msimu huchangia sehemu yake kwa kadiri ya mvua iliyonyesha, kwa hiyo wastani wa mvua wa miaka mingi unatosha kukadiria maji yanayoingia. Ya pili inasema kuna kizingiti. Mvua ya kawaida hunyweshwa udongo uliokauka, kisha jua, upepo na mizizi ya mimea huirudisha hewani. Ni pale tu mvua inapozidi kiwango hicho ndipo maji huvuka na kushuka chini.

Tofauti yake huonekana kwa mfano wa kubuni wa miaka mitano yenye mvua ya milimita 300, 400, 400, 500 na 900. Wastani wake ni milimita 500. Kwa fikra ya kwanza, iwapo asilimia 10 ya mvua huingia ardhini, kila mwaka utaongeza kitu: 30, 40, 40, 50 na 90. Kwa fikra ya pili, ikiwa kizingiti ni milimita 500, miaka minne haitachangia chochote, na mwaka mmoja peke yake utaleta ziada ya milimita 400. Aidha, mtu anayetumia wastani katika fikra hii ya pili atapata jibu la sifuri, kwa sababu wastani umelingana na kizingiti, ilhali kwa kweli maji yameingia kwa wingi.

Kwa hiyo nadharia hizi mbili zinatabiri michoro miwili tofauti ya kina cha maji. Ya kwanza inatabiri ngazi ndogo ndogo zinazopanda kila baada ya msimu. Ya pili inatabiri mteremko mrefu wa miaka kadhaa, unaokatizwa na mpando mkubwa wa ghafla. Kilichobaki ni kwenda kisimani na kuangalia.

Rekodi ya miaka 55

Kuangalia huko hakuwezekani kwa utafiti wa mwaka mmoja au miwili. Ikiwa mvua kubwa huja mara chache katika muongo, mtafiti aliyepata ufadhili wa miezi 24 anaweza kumaliza kazi yake bila kuiona hata moja, kisha akaandika kwa dhati kwamba mvua haijazi visima vya Dodoma. Urefu wa rekodi ni sehemu ya ubora wa kipimo.

Hapo ndipo Makutupora ilipojipatia nafasi ya pekee. Kina cha maji katika visima vyake kilianza kuandikwa katika miaka ya 1950, kazi ikaendelea baada ya Uhuru na kupita mabadiliko mengi ya wizara na watumishi. Mwaka 2013, jarida la Nature Climate Change lilichapisha uchambuzi wa rekodi ya miaka 55 ya bonde hilo. Miongoni mwa waandishi walikuwamo Richard Taylor wa Chuo Kikuu cha London na Lister Kongola wa Wizara ya Maji ya Tanzania.

Matokeo yaliielemea fikra ya pili. Maji ya Makutupora hayakuonekana kujazwa kidogo kidogo kila mwaka. Kina kilishuka kwa miaka kadhaa mfululizo, kisha kikapanda baada ya misimu michache yenye mvua kubwa kupita kawaida, ukiwamo msimu wa El Niño wa 1997/98, ambao wakazi wengi wa Tanzania wanaukumbuka kwa mafuriko na barabara zilizokatika. Uhusiano kati ya mvua na maji yaliyoingia haukuwa mstari ulionyooka: misimu michache ilibeba sehemu kubwa isiyolingana na idadi yake.

Ni muhimu kuelewa kilichojiri hapo. Kigeu hakikubadilika jina. Kiliendelea kuitwa "mvua". Kilichobadilika ni namna ya kukipima. Wastani wa mvua wa mwaka ulionekana kuwa mwakilishi dhaifu wa chanzo cha maji ya ardhini, na ukubwa wa mvua za msimu ukaonekana kuwa mwakilishi bora. Nadharia ndiyo iliyoelekeza kipimo kipi kitafutwe, na kipimo ndicho kilichoamua nadharia ipi ibaki.

Ushahidi wa njia nyingine

Hata hivyo, bonde moja haliwezi kubeba nadharia ya ukanda mzima. Njia mojawapo ya kuijaribu zaidi ni kuipima kwa vigeu vya aina nyingine kabisa, ambavyo makosa yake hayafanani na ya kwanza.

Mwaka 2015, Scott Jasechko na Taylor walichapisha utafiti uliotumia kemia ya maji badala ya kina cha visima. Maji yana chembe nzito na nyepesi za oksijeni na hidrojeni, na katika nchi za tropiki mvua za miezi yenye mvua kubwa huwa na uwiano wa chembe hizo unaotofautiana na ule wa miezi ya mvua haba. Kwa kulinganisha uwiano huo katika mvua na katika maji ya ardhini, inawezekana kutambua ni mvua ipi iliyoshuka chini. Kati ya maeneo 15 ya tropiki yaliyochunguzwa, 14 yalionyesha kuwa maji ya ardhini yanafanana zaidi na mvua za miezi yenye mvua kubwa. Vyombo ni tofauti na vigeu ni tofauti, lakini jibu limeelekea upande mmoja. Wanasayansi huthamini sana makubaliano ya namna hii.

Nadharia nayo haikubaki kama ilivyokuwa. Kusema kwamba mvua kubwa hujaza visima hakuelezi njia inayopitiwa na maji. Je, hupenya popote yanaponyeshea, au hukusanyika kwanza katika korongo na mito ya msimu kisha yakazama kupitia mchanga wake? Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, ulioongozwa na David Seddon na kumshirikisha Japhet Kashaigili wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ulichunguza suala hilo Makutupora kwa vipimo vilivyochukuliwa kwa vipindi vifupi. Ulionyesha umuhimu wa mito ya msimu katika kupitisha maji kwenda chini. Kwa hiyo kigeu kipya kikaingia katika hesabu: kuwapo kwa maji katika mto, na muda yanaodumu humo.

Uhusiano peke yake si sababu

Utafiti wa mwaka 2013 ulihusisha pia misimu mikubwa ya mvua na hali za bahari zilizo mbali na Dodoma. El Niño hutambuliwa kwa kupima joto la uso wa Bahari ya Pasifiki katika ukanda wa ikweta. Mtikisiko mwingine, ulioelezwa kwa kina mwaka 1999 na kupewa jina la Dipoli ya Bahari ya Hindi, hupimwa kwa tofauti ya joto la uso wa bahari kati ya upande wa Afrika Mashariki na upande wa Sumatra. Mwaka 1997 hali zote mbili zilitokea kwa nguvu kwa pamoja.

Mtu anaweza kuuliza: je, nyuzi joto za bahari iliyo maelfu ya kilomita kutoka Dodoma zinahusiana vipi na kisima cha Makutupora? Kama kungekuwa na namba mbili tu zinazopanda pamoja, shaka hiyo ingekuwa ya haki. Vitu viwili vinaweza kupanda pamoja kwa bahati. Kinachoupa uhusiano huu uzito ni mlolongo wa hatua zinazoweza kupimwa moja moja: bahari yenye joto hubadili mwelekeo wa pepo na unyevu, unyevu huleta mvua, mvua hujaza mito, mito huzamisha maji, na kina kisimani hupanda. Nadharia ndiyo inayoziunganisha hatua hizo. Ikikatika mahali pamoja, vipimo vya hatua hiyo vitaonyesha.

Inatupasa pia kukumbuka kwamba si kila El Niño huleta mvua ile ile katika kila mkoa. Kipimo cha bahari huongeza au kupunguza uwezekano, hakitoi ahadi.

Uzito wake kwa Dodoma

Dodoma ilichaguliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, na uamuzi wa Serikali wa mwaka 2016 wa kuhamia huko kwa vitendo uliongeza kasi ya ujenzi. Kwa mujibu wa sensa, watu wa eneo la Dodoma Mjini walikuwa 410,956 mwaka 2012, na kufikia 765,179 mwaka 2022. Mahitaji ya maji hupanda kila mwaka kwa ukawaida, ilhali maji ya bonde hurudi kwa vipindi visivyo na ukawaida.

Hapo ndipo tofauti ya nadharia mbili inapogeuka kuwa tofauti ya maamuzi. Anayeamini wastani atapanga kuvuta kiasi kile kile kila mwaka na kutulia, akidhani kila msimu unalipa deni lake. Anayekubali ushahidi wa miaka 55 atajua kwamba bonde linaweza kukaa miaka mingi bila kulipwa, na kwamba akiba ya msimu mmoja mkubwa inapaswa kudumu hadi msimu mwingine usiojulikana tarehe yake. Huyo ataulizia ulinzi wa mito ya msimu na ardhi inayopokea maji, pamoja na vyanzo vya kusaidia visima.

Utafiti huo uliangalia pia makadirio ya tabianchi ya karne hii, na kuonyesha kuwa ongezeko la mvua kubwa za mwezi linatarajiwa kuwa kubwa kuliko badiliko la wastani. Kwa visima hiyo inaweza kuwa habari njema. Kwa nyumba zilizojengwa mabondeni ni habari ya hatari. Makadirio hayo nayo ni nadharia inayosubiri vipimo.

Msomaji anayekutana na habari ya utafiti wowote, uwe wa maji, elimu au afya, anaweza kuuliza maswali manne. Dhana inayozungumziwa ni ipi? Imepimwa kwa kigeu gani? Ni dhana gani nyingine zilizowekwa kati ya kipimo na hitimisho? Na je, rekodi ni ndefu kiasi cha kuona jambo ambalo hutokea mara chache? Utafiti ulio imara huwa na majibu ya maswali hayo ndani yake.

Kwa Makutupora, swali la nne ndilo lililoamua mengine yote. Walioteremsha kamba visimani katika miaka ya 1950 hawakuwa wakijaribu nadharia ya El Niño. Waliandika tarehe na kina, na waliowafuata wakaandika pia. Mwezi usioandikwa hauwezi kupimwa tena baadaye, hata kwa chombo cha gharama kubwa kiasi gani.